Anayeuguza Apimwe, Lakini Apimwe Nini?

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani akiwa hawezi kujigeuza, ndugu zake hupewa maelekezo yanayofahamika katika kila wodi: ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya mgongoni. Alishwe akiwa ameinuliwa ili asipaliwe. Viungo vinyooshwe, dawa za presha zisikatizwe. Ni maelekezo mazuri na yanaokoa maisha. Lakini hebu tuyasome kutoka upande wa pili wa kitanda. Kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili ni mara 12 kwa siku, na kama anayegeuza yuko peke yake, hapati usingizi wa zaidi ya saa mbili mfululizo mpaka mgonjwa apate nafuu au afariki. Hakuna haja ya kumfuata mtu huyo na hojaji ili kumwuliza kama analala vya kutosha. Jibu lilikwisha kutolewa siku ile ile ya kuruhusiwa hospitalini.

Watafiti na watunga sera wamekuwa wakiuliza tutajuaje kama watu wanaouguza ndugu zao majumbani wanatunza afya zao wenyewe. Ni swali jema, ila mara nyingi huulizwa kana kwamba jibu lote liko kwa anayeuguza: ana bidii ya kujitunza au hana, ameelimishwa au hajaelimishwa. Hoja yangu ni kwamba anayeuguza lazima apimwe, tena mapema, kabla hajaanguka. Lakini apimwe kwa mambo yaliyotokea au yaliyoshindwa kutokea, si kwa jinsi anavyojieleza tu, na alama zikishapatikana wapewe ukoo na zahanati, wala si yeye. Wapo wanaoipinga hoja hii kutoka pande mbalimbali, na baadhi yao wana sababu nzito. Nimewaketisha hapa barazani tujibizane. Si watu halisi. Ni sauti ambazo yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha familia au cha kamati ya zahanati atazitambua.

Kwanza, ushahidi kwamba lipo jambo la kupimwa. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha utafiti mdogo ambao hadi leo haujapoteza makali. Wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau walikubali kutiwa kidonda kidogo mkononi, chenye upana wa milimita 3.5. Wanawake wengine 13, wa umri na kipato kinachofanana na chao lakini wasiouguza mtu, wakatiwa kidonda kama hicho. Vidonda vya kundi la pili vilipona kwa wastani wa siku 39.3. Vya waliokuwa wakiuguza vilichukua siku 48.7. Kidonda kile kile, ngozi ya umri ule ule, na tofauti ya siku tisa. Kinachonivutia katika kipimo hiki ni kwamba kidonda hakina aibu wala hakijipendekezi kwa mtafiti; hakimwambii muuguzi kwamba mambo ni mazuri, tunamshukuru Mungu, ilhali mambo ni mabaya. Miaka minne baadaye Richard Schulz na Scott Beach wakatoa matokeo ya wazee wa Marekani wenye umri wa miaka 66 hadi 96 waliokuwa wakiishi na wenza wao: 392 waliouguza na 427 wasiouguza, wakafuatiliwa kwa miaka minne. Waliouguza na kusema kazi hiyo inawaelemea walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wasiouguza kwa asilimia 63. Waliouguza bila kuelemewa hawakuonyesha ongezeko la maana.

Hapo Mtakwimu, ambaye hukaa pembeni na kalamu sikioni, anakohoa. "Umeacha utafiti unaokukera," anasema. "David Roth na wenzake, 2013." Kweli, nao lazima uwekwe mezani. Walichukua Wamarekani 3,503 waliokuwa wakiwatunza ndugu wagonjwa au wenye ulemavu, wakamlinganisha kila mmoja na mtu anayefanana naye asiyetunza mgonjwa, wakawafuatilia kwa takribani miaka sita. Waliotunza ndio waliokufa wachache: kiwango chao cha vifo kilikuwa chini kwa asilimia 18. Tena watafiti hao hawakupata kundi dogo lolote la watunzaji lililokuwa likifa upesi kuliko wenzake. Mwenye haraka ya kuhitimisha atasema tafiti hizi zinafutana. Mimi nasema zinatuonya tusiwaweke watu wote wanaouguza katika kapu moja. Katika utafiti wa Schulz kulikuwa na wazee wanaowauguza wazee wenzao chini ya paa moja. Katika ule wa Roth wamo pia watu wa makamo wenye nguvu, ambao baadhi yao humsaidia mzazi kwa saa chache na kurudi makwao, na inaelekea kuwa mwenye afya ndiye anayechaguliwa au kujichagua kuifanya kazi hii. Kama kuuguza kungemdhuru kila mtu, tusingehitaji kipimo; tungetoa tahadhari ya jumla basi. Kipimo kinahitajika kwa sababu mmoja anadhurika na jirani yake hadhuriki, na kwa sura tu huwezi kuwatofautisha.

Shangazi amesikiliza yote hayo na hakufurahi. "Mwanangu," anasema, "kumuuguza mzazi ni radhi. Yeye alikupima lini alipokuwa akikubeba mgongoni? Mkianza kuwaulizia watu uchovu wao, mtawafundisha kuona mzigo mahali ambapo walikuwa wanaona heshima. Kesho watawapeleka wazee wao kwenye nyumba za kulelea, kama wanavyofanya huko kwenye hizo tafiti zenu."

Hoja ya Shangazi haipaswi kuchekwa, na utafiti wa Roth kwa kiasi fulani uko upande wake: kumtunza wako kunaweza kukuongezea nguvu. Zaidi ya hapo, Shangazi ameona udhaifu wa vipimo vingi ambavyo watafiti wamevizoea. Kinachotumika zaidi duniani ni hojaji ya Steven Zarit na wenzake, iliyotolewa mwaka 1980 ikiwa na maswali 29 na baadaye kupunguzwa hadi 22. Kila swali lina alama kuanzia sifuri hadi nne, jumla 88. Mojawapo ya maswali yake linataka kujua kama mhusika hupata hasira awapo karibu na mgonjwa. Jingine linahusu kuona haya kwa mwenendo wake. Sasa piga picha binti anaulizwa hayo sebuleni, mama yake amelala chumba cha pili na mlango ni pazia. Nani atajibu "mara nyingi"? Atajibu sifuri kwa adabu, na karatasi itarudi mjini ikisema nyumba hiyo haina tatizo. Kwa hiyo nakubaliana na Shangazi kwamba moyo wa mtu haukaguliwi kwa namna hiyo. Ninapoachana naye ni pale anapodhani kwamba kutoukagua moyo maana yake ni kutouliza chochote. Kumwuliza mtu presha yake ilipimwa lini hakugusi radhi hata kidogo. Na nathubutu kusema wazee wenyewe, wangeulizwa, wasingependa mtoto wao aanguke kwa kiharusi akiwa anawauguza kwa kiharusi.

"Unajipinga," Mtakwimu anaingilia. "Hiyo asilimia 63 ilitokana na watu kueleza wanavyojisikia. Wanaoelemewa na wasioelemewa walitenganishwa kwa maneno yao wenyewe. Halafu unatuambia maneno yao hayafai." Hili ndilo pingamizi lililo kali kuliko yote. Jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba hata huko, wahojiwa waliulizwa juu ya shughuli: mwenzio anahitaji msaada katika jambo hili au lile, unamsaidia, na kumsaidia huko kunakuchosha kiasi gani? Swali lilishikizwa kwenye kazi, si kwenye upendo, na mtu huona wepesi zaidi kusema kwamba kumwinua mgonjwa kumemuumiza kiuno kuliko kusema kwamba amechoshwa na baba yake. Ya pili ni kwamba utafiti na zahanati si kitu kimoja. Mtafiti hulinganisha mamia ya watu, na wachache wakificha ukweli, hesabu ya jumla bado inaweza kusimama. Mhudumu wa afya ana mtu mmoja mbele yake, na akidanganywa na huyo mmoja amekosa kila kitu. Kwa hiyo sitaki hisia zitupwe. Nataka zisiwe mlango pekee. Ipo hojaji ya sonona ya maswali tisa ambayo usahihi wake ulichunguzwa miongoni mwa watu wazima wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya na matokeo yakachapishwa mwaka 2009, pamoja na toleo lake fupi la maswali mawili. Maswali hayo mawili yaulizwe, lakini faragha, nje ya nyumba ikibidi, na yaje baada ya maswali ya matendo.

Maswali ya matendo ni yapi? Kwa maoni yangu manne yanatosha, na hakuna hata moja linalohitaji shahada kuliuliza. Presha na sukari yako vilipimwa lini mara ya mwisho? Kama nawe una dawa zako za kila siku, daftari lako la kliniki linaonyesha ulizichukua lini? Usiku wa kuamkia leo umeamka mara ngapi kwa ajili ya mgonjwa? Na la nne, ambalo mimi ningelitanguliza kama ningekuwa na nafasi ya kuuliza moja tu: ukiugua leo jioni, nani atakupokea, na sasa hivi yuko wapi? Tazama tofauti ya majibu. Swali la "unatunza afya yako?" hujibiwa kwa ndiyo au kwa kucheka. Swali la nani atakupokea hujibiwa kwa jina, au kwa kimya. Akitaja mdogo wake anayekaa nyumba ya tatu, hali ni moja. Akitaja kaka aliyeko Mwanza wakati mgonjwa yuko Tanga, hali ni nyingine kabisa, hata kama wote wawili wamesema wana mtu. Na akiwa amejibu kwamba ameamka mara sita, mhudumu hahitaji kujua zaidi kuhusu nidhamu yake ya usingizi.

Muuguzi wa zahanati amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja daftari. "Ndugu yangu, wewe unaandika, mimi nina foleni mpaka nje ya geti," anasema. "Mjamzito, mtoto wa chanjo, mwenye presha, mwenye kikohozi. Kila mradi unaokuja unakuja na fomu yake. Sasa unataka nimpime na aliyemsindikiza mgonjwa?" Ana haki ya kulalamika juu ya fomu, wingi wake ni aina ya ugonjwa katika mifumo yetu ya afya. Lakini kipimo ninachokisema si lazima kianzie kwenye foleni yake. Kenya ilizindua rasmi mnamo Septemba 2023 mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, na vifaa walivyopewa ni pamoja na mashine ya presha na kipimo cha sukari. Tanzania nayo ilizindua mwezi Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwafikisha 137,294 kwa awamu za miaka mitano. Watu hawa wanaingia majumbani tayari, na akiwemo mgonjwa wa kitandani watafika hapo. Mkanda wa presha ukishatolewa mkononi mwa mgonjwa, unaweza kufungwa mkononi mwa yule aliyeshika bakuli la uji pembeni. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na inafanyika mahali ambapo anayeuguza hahitaji kutafuta wa kumwachia mgonjwa. Kumwambia aje zahanati kupimwa ni kumpa dawa ambayo sharti lake la kwanza ni kutokuwa na tatizo lenyewe.

Mtakwimu harudishi kalamu sikioni. "Hata presha yenyewe itakudanganya," anasema. "Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani. Ukimkuta anayeuguza hajapimwa, utasema ni kwa sababu anauguza. Kumbe ni kwa sababu ni Mkenya." Nacheka, lakini anasema kweli. Anayetaka kuandika makala ya kisayansi juu ya madhara ya kuuguza sharti amlinganishe anayeuguza na jirani wa rika lake asiyeuguza, kama Ohio walivyofanya kwa vidonda. Bila hivyo atakuwa anapima upungufu wa huduma za nchi nzima na kuuita jina jingine. Ila kwa anayetaka kutoa huduma, chanzo hakibadilishi hatua ya kuchukua. Asiyewahi kupimwa na asiyeuguza anaweza kesho akaamua kwenda kupimwa. Asiyewahi kupimwa na ambaye hawezi kutoka nyumbani kwa zaidi ya nusu saa hana kesho hiyo. Wote wawili wamo katika ile asilimia 56, lakini mmoja tu ndiye anayehitaji kufuatwa.

Kuna sauti moja haijasema, na katika vikao vya namna hii huwa ya mwisho kupewa nafasi, kama kweli inapewa. Anayeuguza mwenyewe yuko mlangoni. Hakuketi kwa sababu anasikiliza kama ameitwa ndani. "Mimi naogopa hizo alama zenu," anasema. "Mkiandika kwamba sijitunzi, kaka zangu watasema nimezembea. Watasema, kama hata yeye mwenyewe hajiwezi, mama atawezaje kuwa salama kwake? Na wahudumu watanipa somo. Nile matunda, nifanye mazoezi, nitenge muda wangu. Muda upi?"

Kwangu mimi hapa ndipo mjadala wote unapoamuliwa. Kipimo chochote kinachotoa alama kwa mtu humfanya mtu huyo awe mshitakiwa, na kipimo cha kujitunza kimekaa kwenye hatari hiyo kuliko vingine, kwa kuwa jina lake lenyewe linamwelekezea kidole. Chama cha Madaktari wa Marekani kilitunga hojaji ya maswali 18 ambayo anayeuguza hujijazia mwenyewe, na hiyo ni busara, kwa maana hakuna mtu wa kumwonea haya. Lakini alama zikiwa mbaya, ushauri unamrudia yeye: fikiria kumwona daktari, tafuta wa kukupumzisha. Yaani aliyeelemewa aongezewe kazi ya kutafuta wa kumpunguzia. Semina nyingi za kujitunza nazo zimejengwa hivyo hivyo. Mtu anafundishwa kupumua taratibu na kuandika shajara, anapewa soda na nauli, kisha anarudi kwenye kitanda kile kile cha kugeuza mara 12. Simbezi anayefundisha kupumua. Nasema tu kwamba katika hali ninayoizungumzia, kujitunza ni jambo linalotokana na saa alizonazo mtu, na saa zinatokana na idadi ya mikono iliyopo nyumbani. Alama ya kujitunza ikisomwa vizuri ni hesabu ya watu wasiokuwepo.

Hilo si wazo la kufikirika tu, kwa sababu ipo nchi iliyojaribu kuelekeza alama upande mwingine. Uingereza, kwa upande wa England, hufanya uchunguzi wa watu wazima wanaowatunza ndugu zao, na miongoni mwa maswali yake limo moja la kujitunza, yaani kula na kulala vya kutosha, lenye majibu matatu tu: najitunza, wakati mwingine nashindwa kujitunza inavyotosha, naona najitelekeza. Jibu hilo huunganishwa na mengine matano, kama vile kuwa na muda wa shughuli zako na kuwa na watu wa kukutia moyo, na kupata alama moja ya jumla isiyozidi 12. Na alama hiyo hutangazwa kwa jina la halmashauri. Hakuna anayesoma kwamba bibi fulani amepata nne. Watu husoma kwamba halmashauri fulani imepata ngapi, na wenye halmashauri ndio wanaotakiwa kujieleza. Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 nayo ilimpa anayeuguza haki ya kufanyiwa tathmini ya mahitaji yake mwenyewe, si ya mgonjwa wake. Sidai kwamba huko mambo yamenyooka. Tathmini bila fedha ni karatasi popote pale. Lakini wamejibu vizuri swali la nani apewe alama.

Huku kwetu halmashauri peke yake haitoshi kuwa mshitakiwa, kwa sababu sehemu kubwa ya mikono inayokosekana ni ya ukoo. Kwa kawaida nyumba haikosi ndugu. Mmoja anatuma pesa ya pampasi kila mwisho wa mwezi, mwingine yuko kwenye kundi la WhatsApp na anaandika "pole sana dada, Mungu akutie nguvu," wa tatu anakuja Krismasi au Idi na kushangaa mama alivyokonda. Wapo hata ndugu zetu Marekani na Uingereza wanaolipwa kwa saa, kwa zamu, na siku za mapumziko kisheria, kwa kuwageuza wazee wa watu wengine, huku dada yao kijijini akiifanya kazi ile ile bila zamu. Siwalaumu, pesa wanayotuma ndiyo inayonunua dawa. Lakini pesa haiamki saa nane usiku. Kwa sababu hiyo jibu la swali la nne lipelekwe kwenye kikao cha ukoo, na likifika huko lifike kama taarifa ya ukoo: nyumba hii haina wa kumpokea anayeuguza. Yale mengine, presha yake, dawa zake, na hasa majibu ya sonona, yabaki kati yake na mhudumu. Binti akijua mpaka huo upo, hofu yake ya kaka zake inapungua, na majibu yake yanakuwa ya kweli.

Ofisa wa bajeti amekuwa akiandika pembeni, na sasa anafunga faili. "Yote mazuri," anasema. "Ila katika afya ya jamii tuna kanuni: usipime tatizo ambalo huna cha kulifanyia. Mkishawapima mkawakuta maelfu wameelemewa, mtawapa nini? Hatuna vituo vya kuwapumzisha. Mtawaonjesha matumaini na kuwaacha." Kanuni anayoisema ni ya kweli na ya siku nyingi, Wilson na Jungner waliiweka katika mwongozo walioliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, na mtu anayeidharau huishia kuwapima watu kwa ajili ya ripoti. Lakini angalia yaliyokwisha kuwezekana katika huduma nyingine. Watu wanaoishi na VVU walio imara kwenye matibabu hupewa dawa za miezi mitatu na hata sita kwa mara moja, ili wasipoteze siku kila mwezi kwenye foleni. Anayeuguza ambaye ana presha yake mwenyewe anastahili utaratibu huo huo. Tarehe yake ya kliniki inaweza kuwekwa siku moja na ya mgonjwa wake. Mhudumu wa jamii anaweza kuitisha kikao cha zamu, jambo ambalo binti mwenyewe hawezi kuliitisha bila kuonekana analalamika. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji jengo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mafunzo kwa wanaowatunza watu wenye ugonjwa wa kusahau, na ndani yake imo sehemu nzima ya anayetunza kujitunza; lakini nayarudia niliyosema juu ya semina, mafunzo yafuate mikono, yasitangulie.

Kisha kuna upande wa bajeti ambao Ofisa hakuutaja. Tunajua mengi kuhusu wagonjwa. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikadiria kwamba kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya wa kiharusi walikuwa 108.6 wilayani Hai na 315.9 katika eneo la Dar es Salaam lililochunguzwa. Huko huko Hai, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wa wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ulikadiria kwamba asilimia 6.4 yao wana ugonjwa wa kusahau. Kila anayebaki hai katika hesabu hizo ana mtu anayemlisha, anayemwogesha, anayemfuata akitoka nje usiku. Mtu huyo haonekani katika takwimu mpaka naye awe mgonjwa, na hapo anahesabiwa kama mgonjwa mpya wa presha, mgonjwa mpya wa kiharusi, bila kuandikwa mahali popote kwamba alikuwa akiuguza. Ofisa anapouliza gharama ya kupima, aulize pia gharama hii analipia kwa jina gani sasa hivi. Shangazi, ambaye nilidhani amesinzia, anaongeza kwa sauti ndogo kwamba nyumba yenye wagonjwa wawili huhitaji watu wanne. Hajabadilisha msimamo wake juu ya radhi. Ameona hesabu tu.

Wizara za afya zinapoandaa upya madaftari ya wahudumu wa jamii, ziongeze safu mbili kwenye ukurasa wa kila mgonjwa wa kitandani: tarehe ya mwisho presha ya anayemuuguza ilipopimwa, na jina la mtu wa kumpokea. Safu hizo zikibaki tupu kwa miezi mitatu, anayepaswa kuitwa kujieleza ni mganga mfawidhi wa zahanati na mkubwa wa ukoo. Anayeuguza asiitwe popote. Hana wa kumwachia mgonjwa.